Mmeelewa? Mwalimu wa Tabora na darasa lisiloonekana

Sauti ya kwanza niliyowarekodia wanafunzi wangu bado ninayo. Nimebadilisha simu mara mbili tangu siku hiyo, na kila mara nimeihamisha kama mtu anavyohamisha picha ya marehemu mama yake kutoka albamu moja kwenda nyingine. Ina dakika sita. Nyuma yangu anasikika jogoo, halafu pikipiki inayokwenda upande wa Ipuli, halafu mimi mwenyewe, nikieleza kwa sauti ya paredi kwa nini misafara ya karne ya 19 ilikuwa lazima ipite Unyanyembe, yaani hapa kwetu Tabora. Nilipaza sauti kana kwamba wanafunzi wako mbali na simu inahitaji kusaidiwa. Dakika ya nne nauliza: "Mmeelewa?"

Kimya. Sekunde tano, sita. Jogoo tena. Kisha mimi, kwa unyonge: "Haya, tuendelee."

Mwalimu yeyote wa nchi hii anajua nilikuwa nasubiri nini. Nilikuwa nasubiri ile "Ndiyooo" ya darasa zima, inayoanzia benchi za mbele na kuburutwa hadi nyuma. Nusu yake ni uongo, na tunajua ni uongo, lakini ndiyo mizani yetu. Mkiitika kwa nguvu mno, najua mnataka kengele igongwe. Upande wa dirishani ukichelewa kidogo, najua kuna jambo halijaingia, nalirudia bila hata kuulizwa. Siku ile nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chini ya mwembe nyuma ya nyumba, mkononi nina simu ambayo matumizi yake makubwa hadi wiki iliyotangulia yalikuwa salamu na kutumiana pesa. Nikauliza swali ambalo nimeliuliza maisha yangu yote ya kazi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyejibu.

Shule zilifungwa Jumanne, Machi 17, 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Stendi ya mabasi ilijaa masanduku, ndoo na magodoro. Watoto wa bweni walitawanyika: huyu Sikonge, yule Nzega, wengine wakapanda treni kuelekea Urambo, Kaliua na Mpanda. Kidato cha sita waliitwa warudi Juni 1, waliobaki Juni 29. Darasa langu la kidato cha pili liliniponyoka kwa siku 104.

Nilizihesabu baadaye. Walimu wa Historia tuna ugonjwa wa kuhesabu siku. Richard Burton na John Speke waliacha pwani Juni 27, 1857, wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora yetu, Novemba 7. Siku 134 kwa hesabu yao, pamoja na malaria, mvua, wapagazi kutoroka na punda kufa. Yaani kwa muda ule ambao darasa langu lilikaa nyumbani, msafara mzima wa vitambaa, shanga na nyaya za shaba ungekuwa umetoka baharini, umeingia Ugogo na unaikaribia Mgunda Mkali, ile nyika kavu ambayo wasafiri waliipita wakikimbizana na kiu.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) iliandaa vipindi vya masomo redioni na kwenye televisheni, na walioweza kuvipata walivipata. Lakini mzazi mmoja wa Ng'ambo, hapa mjini, alinikamata sokoni, mbele ya mafungu ya viazi, akaniambia: "Mwalimu, huyo wa kwenye redio anafundisha vizuri, ila hamjui mwanangu." Nikarudi nyumbani nikafungua daftari la namba za wazazi.

Hapo ndipo nilipokuwa mwanafunzi. Aliyenifundisha ni kijana niliyemfundisha mimi, sasa naye ni mwalimu. Alikuja jioni, akasimama mlangoni, "Shikamoo mwalimu," nikaitika marahaba, akavua kofia, akakaa. Baada ya hapo heshima ikabaki kwenye maneno tu, maana mkononi mwake nilikuwa mtoto wa darasa la kwanza. "Hapana mwalimu, usiachie kidole. Ukiachia imekwenda." Nikaachia, ikaenda, sauti ya sekunde mbili yenye neno moja: "Nini?" Ikafika kwa wazazi wote kwenye kundi. Mmoja akajibu kwa adabu kubwa: "Marahaba mwalimu." Mpaka leo sijui alisikia nini.

Niseme ukweli kuhusu hilo kundi. Lilikuwa la wazazi, si la wanafunzi, na wazazi wenyewe walikuwa wale wenye simu janja. Waliobaki walikuwa na kitochi, simu ya vitufe ambayo chaji yake hukaa wiki na haijui picha wala sauti ya kutumwa. Nikiita majina ya daftari la mahudhurio kimoyomoyo, nilikuwa nafundisha pungufu ya nusu ya darasa. Na katika hao, kuna aliyefungua siku ileile, kuna aliyefungua bando lilipopatikana, na kuna ambaye simu ya baba ilisafiri na baba kwenye tumbaku. Nilizoea kuona alama mbili za buluu kama alama ya vyema kwenye daftari. Kumbe alama ya buluu haimaanishi mtoto amesikia. Inamaanisha kuna kidole kimegusa.

Kila nikirekodi nilikumbuka mfuko wa barua wa Kwihara.

Kwihara ni kilomita chache kutoka mjini. Lipo tembe pale, sasa ni makumbusho, na kila mwaka huwapeleka wanafunzi kwa miguu ili waujue mwendo ulikuwa nini. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe Juni 1871 akimtafuta David Livingstone. Alikuta mfuko wa barua za Livingstone umelala hapo. Ulikuwa umeandikwa tarehe ya Novemba 1, 1870, Zanzibar. Livingstone alikuwa upande wa Maziwa, anazihitaji barua hizo kuliko chakula, nazo zimekaa Unyanyembe kwa sababu za njia: vita vya mtemi Mirambo, uhaba wa watu, uzembe wa waliolipwa kuzifikisha. Stanley akazibeba mwenyewe hadi Ujiji. Mzee alizifungua zikiwa na zaidi ya mwaka. Wakarudi pamoja Kwihara Februari 1872, Stanley akaondoka Machi, na Livingstone akabaki pale kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Agosti. Miezi mitano. Alikuwa anasubiri wapagazi watumwe kutoka pwani. Bidhaa zilikuwepo, dawa zilikuwepo, karatasi zilikuwepo, hayakuwepo mabega.

Watu wakisikia njia ya misafara huwaza wenye misafara: Waarabu wa Kazeh, Tippu Tip, wazungu na vitabu vyao. Lakini njia ile ilikuwa kazi ya wapagazi, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, zaidi ya kilo 30, juu ya bega au kichwani, kutoka hapa hadi Bagamoyo. Mbele alitangulia kirangozi, aliyepanga mwendo wa siku na mahali pa kulala. Bila hao hakukuwa na pembe wala kitambaa wala barua. Mwaka 1873, watu waliomchukua Livingstone akiwa maiti kutoka kijiji cha Chitambo, watumishi wake Chuma na Susi wakiongoza, walipita Unyanyembe Oktoba na kuendelea hadi pwani. Nani mwingine angeweza?

Sasa tuna mkongo, ule waya wa intaneti. Neno zuri, anayesikia mara ya kwanza hudhani linahusu mtu wa Kongo. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam, mwaka uliofuata EASSy, na Mkongo wa Taifa ukatandazwa bara, ukafika Tabora na kuendelea hadi Kigoma, karibu njia ileile ya Burton, ya reli ya Wajerumani iliyofika hapa 1912 na Kigoma 1914. Sauti yangu ya dakika sita ikishafika kwenye mkongo husafiri hadi pwani kabla jogoo hajamaliza kuwika. Tatizo haliko kwenye mkongo. Tatizo ni Kwihara: pale mzigo unaposhuka na hakuna wa kuuinua.

Nimesikia mara nyingi kwamba kufundisha kwa mbali ni jambo geni, limeletwa na korona. Wanaosema hivyo ni vijana, au ni watu wa umri wangu waliosahau ni nani aliyewafundisha kusoma.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 1977, katika kijiji cha Uyui. Mwaka 1974, Musoma, chama tawala kiliamua kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Watoto walikuwepo, miti ya kujengea madarasa ilikuwepo, walimu hawakuwepo. Wakachukuliwa vijana zaidi ya 40,000 waliomaliza darasa la saba, wakapewa madarasa wafundishe, na huku wanafundisha wakawa wanasomea ualimu wenyewe: vijitabu vya masomo kwa posta, vipindi vya Radio Tanzania Dar es Salaam, vikao na mratibu wa kata, na baada ya miaka mitatu hivi, wiki chache za chuo na mtihani. Watu wakawacheka. UPE ilikuwa kifupi cha mpango wenyewe wa elimu ya msingi kwa wote, wao wakaigeuza kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Hata leo mwalimu akikosea hesabu utasikia mtu anamwita wa UPE, na anayesema hivyo huenda alifundishwa kushika kalamu na mmoja wao.

Mwalimu wangu alikuwa kijana mwembamba, anakaa kwenye nyumba ya udongo pembeni ya uwanja wa shule. Mchana betri za redio yake zilianikwa juani juu ya jiwe ili zipate nguvu kidogo, na mimi nilikuwa na kazi ya kuwafukuza mbuzi wasizipindue. Jioni redio ilianza, na yeye alikaa na kijitabu mapajani, kalamu ya risasi sikioni, akatunyamazisha kwa mkono bila kugeuka. Kesho yake asubuhi tulifundishwa jambo ambalo jana jioni lilifika kutoka Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka saba na niliona jambo la ajabu: mwalimu anayesoma. Sikuwa najua kwamba mwalimu naye huwa anafundishwa.

Ule mpango haukumtenga mtoto na mwalimu. Umbali uliwekwa kati ya mwalimu na chuo chake. Mtoto alibaki na mtu mzima mbele yake, mwenye chaki, anayejua leo mbona huyu hajala. Na kati ya chuo na yule kijana alikuwepo mratibu, aliyekuja kuketi darasani kwetu kwenye benchi la nyuma, magoti yakigusa kidevu, akiandika. Redio ilikuwa mkongo wa siku zile. Mratibu alikuwa mpagazi. Korona ilipokuja tulichukua redio, tukachukua simu, na katika haraka zetu tukamsahau yule mtu wa benchi la nyuma.

Tumejirekebisha kidogo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Nakipenda hicho kifaa kuliko nilivyotarajia, na jina lake nalipenda zaidi. Kishikwambi ni neno ambalo hata asiyejua maana yake hulitamka kwa raha. (Nywila bado haijashinda. Katika ofisi yetu kila mtu husema "paswedi", na kila mtu ameisahau yake.) Walimu wa msingi wana MEWAKA, mafunzo endelevu kazini: wanakutana shuleni kwao kwenye jumuiya za kujifunza, na masomo wanayakuta kwenye mfumo wa mtandaoni wa TET. Kwangu mimi, ambaye shahada nilisomea Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini, nikisubiri vitabu na kubandika ratiba ya mitihani nyuma ya mlango wa jiko, sehemu yenye nguvu katika mpango huo ni hiyo jumuiya kuliko hata mfumo. Walimu wanne wakizunguka kishikwambi kimoja, mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anasema "hapa kwetu hivi haiwezekani", wa tatu anasema "jaribu kwanza". Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo, chai ya tangawizi na matobolwa yakiwa mezani, na nimejifunza humo mambo ambayo nilikuwa nimeyapita mara tatu nikiwa peke yangu na skrini.

Kuna siku kishikwambi kilinilipa gharama zote za bando. Mwaka 1871, Livingstone akiwa Nyangwe, Manyema, aliishiwa karatasi na wino. Akaanza kuandika kumbukumbu zake juu ya gazeti kuukuu la London, akikatisha mistari iliyochapwa, kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea wa huko. Wino ukafifia, gazeti likachakaa, na kwa zaidi ya miaka 100 kurasa nyingi hazikusomeka. Mwaka 2011 wataalamu walizipiga picha kwa mianga mbalimbali, maandishi yakajitokeza, wakayaweka mtandaoni bure. Niliwafungulia kidato cha pili picha hizo tukiwa tumeketi kwenye baraza la tembe la Kwihara. Mji wetu kwa jina la utani ni Mboka Manyema, na baadhi ya wanafunzi hao ni wajukuu wa Wamanyema. Wakainamia ile skrini vichwa vikigongana. Kijana mmoja akacheka: "Kumbe na yeye aliishiwa daftari." Kisha wakafika kwenye kurasa za Julai 15, siku ya mauaji ya sokoni Nyangwe, na hakuna aliyecheka tena. Katika miaka yangu ya kazi sijawahi kufundisha kwa chaki somo la namna ile.

Kuandika kwa umma ni balaa jingine. Mwalimu huandika kila siku, lakini huandika ubaoni, na ubao hufutwa. Kosa langu la Jumatatu linakufa Jumatatu. Kuweka makala mtandaoni ni kuandika kwenye ubao usiofutika, mbele ya watu usiowapa alama.

Lakini tukisema ni jambo jipya tutakuwa tunajidanganya. Mambo Leo lilianza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, na kwa miaka mingi walimu wa shule walikuwa miongoni mwa waliolijaza barua, mashairi na habari za miji yao. Tabora yenyewe ni mji wa mashine za kuchapa: vitabu vingapi vya Kiswahili vya wazazi wetu viliandikwa T.M.P., Kipalapala, kwenye ukurasa wa mbele? Gazeti la Kiongozi la Wakatoliki lilichapwa hapa miaka ya 1950, na jina lake huwa linanikumbusha kirangozi, ingawa sina hakika kama walioliita hivyo waliwaza misafara. Naye Julius Nyerere alisoma Tabora, akarudi kufundisha hapa St. Mary's kuanzia 1946 hadi alipokwenda Edinburgh 1949. Mji huu haujawahi kuona ajabu mwalimu kuwa na la kusema nje ya darasa.

Mtandaoni waliotutangulia ni akina Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiandika kwa Kiswahili wakati wengi wetu tulidhani kompyuta haielewi lugha hii. Siku hizo blogu iliitwa "gazeti tando", na nasikitika jina hilo halikuota mizizi. Mwaka 2005 Issa Michuzi akaanzisha yake, na nchi nzima ikajua kublogu ni nini. Mimi nilikuja kushawishika mwaka 2018, wakati mbaya kuliko wote: Machi mwaka huo zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na ada yake ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na laki moja ya maombi. Ilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi wa mwalimu aliyeanza kazi wakati huo. Nikarudisha kalamu mfukoni. Kanuni hizo ziliandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022, na mwishowe nikaona njia: naandika makala fupi za historia ya Unyanyembe, rafiki mwenye ukurasa wake ananiwekea pamoja na za kwake.

Makala yangu ya kwanza ilimhusu Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyepigana na Wajerumani hadi boma lake lilipovunjwa, akawasha baruti ajilipue kuliko kukamatwa. Niliisoma mara nne kabla ya kuituma. Siku ya tatu, saa moja usiku, simu ikaita, namba siijui.

"Mwangaluka, mwalimu."

Jioni hatusalimiani hivyo, hiyo ni salamu ya asubuhi, nikajua ni mzee na ananitania. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesomewa maandishi yako na mjukuu wangu. Mazuri. Ila umemuua Isike mapema."

Nilikuwa nimeandika 1892. Mwaka huo Wajerumani walishambulia boma na kushindwa; Isike alikufa Januari 1893, aliposhambuliwa na kikosi cha Tom von Prince. Ninaijua tarehe hiyo kama ninavyoijua ya kuzaliwa kwangu. Nimeifundisha. Vidole viliandika nyingine, macho mara nne hayakuona, na mzee asiyesoma Kilatini cha simu, kwa maneno yake mwenyewe, akaiona kwa kusomewa mara moja. Tuliongea nusu saa. Akaniambia na mambo mengine ambayo siyaandiki hapa mpaka nikamwone na kumuuliza vizuri. Nilisahihisha ule mwaka usiku uleule, na nikaongeza mstari wa kusema kwamba nilikosea. Rafiki yangu akaniuliza kwa nini nisibadilishe kimyakimya tu, nani atajua. Wanafunzi wangu watajua, nikamwambia, maana wao nikiwakuta wamefuta jibu la zamani kwa mate nawapunguzia alama.

Jambo lililobaki akilini mwangu usiku ule ni mjukuu. Makala ilitoka Tabora, ikazunguka duniani, ikarudi Tabora, na bado isingemfikia mzee bila mtoto wa kuketi karibu yake na kusoma kwa sauti.

Kwenye lile kundi la 2020 nilikuwa na mjukuu wa namna hiyo bila kujua. Msichana wa kidato cha pili, kwao ni huko ndani ya misitu ya Kaliua. Katika kundi hakuwa na namba. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya baba yake mdogo, na alama zake za buluu zilitokea Jumamosi tu, nyingi kwa pamoja. Nilimweka kwenye fungu la waliopotea. Shule zilipofunguliwa Juni 29, alikuja ofisini wiki ya kwanza na daftari la kurasa nyingi, akaliweka mezani kwa mikono miwili.

Akaeleza. Mtandao kwao haufiki nyumbani. Jumamosi baba mdogo akirudi kutoka mnadani, humpa simu, naye hupanda kichuguu kilicho nyuma ya shamba, sauti zinashuka moja baada ya nyingine. Hashuki mpaka zimeisha. Halafu husikiliza, husimamisha, huandika, husikiliza tena, mpaka chaji inakata. Jumapili baada ya misa wenzake wanne walikuja kunakili. Wawili si wa shule yetu. Mmoja alikuwa amemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia na hakupata nafasi ya kuendelea, alikuwa ananakili tu.

Nilifungua daftari. Alikuwa ameandika kila neno langu, hadi yale ya ovyo. "Haya, tuendelee" ilikuwepo. Nikatafuta somo la kwanza, lile la misafara, nikapeleka kidole hadi dakika ya nne. Alikuwa ameandika hivi, kwa wino wa bluu, na kupigia mstari kwa rula:

Mwalimu: Mmeelewa?

Sisi: Ndiyo, isipokuwa hongo.

Ilinichukua muda kuelewa. Kwenye sauti nilisema wenye misafara waliwalipa watemi wa Ugogo na Unyamwezi hongo ili wapite. Hivyo ndivyo ilivyoitwa: ada ya njia, halali kabisa, kila msafara uliipanga kwenye mahesabu yake, na Burton na Stanley wameilalamikia kurasa kwa kurasa. Lakini kwa mtoto wa leo hongo ni rushwa. Kwa hiyo watoto watano chini ya mti huko Kaliua walikuwa wameambiwa na mwalimu wao kwamba mababu zao walikuwa wala rushwa, na wakaweka alama ya kuuliza, na wakasubiri. Darasani wakati huo Historia tuliifundisha kwa Kiingereza, neno lenyewe halikuwa limewahi kunikwaza. Na hata kama lingetokea, mtu wa nyuma angeguna, ningesimama. Chini ya mwembe hakuna aliyeguna.

"Mlisubiri miezi mitatu?" nikamuuliza.

"Tulijibu siku ileile, mwalimu. Pale uliponyamaza."

Jioni hiyo nilirudi kwenye kigoda changu, nikarekodi sauti nyingine, dakika mbili tu, juu ya neno hongo: lilimaanisha nini kwa mtemi, lilimaanisha nini kwa mwenye msafara, na lilibadilikaje. Nikaituma kwa baba mdogo, ingawa mwanawe alikuwa bwenini, kwa ajili ya wenzake waliobaki kule. Mwishoni niliuliza kama wameelewa, nikashikilia kidole, nikaacha sekunde sita zipite bila kusema kitu.